Seneta wa Marekani anamuogopa nani?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Silver Spring, Maryland, mwishoni mwa Novemba 2025. Huku baridi imeshabisha hodi na mimi ndio kwanza nina wiki mbili tangu nirudi kazini, baada ya kukaa nyumbani siku 43 kama mgonjwa asiyeumwa, maana serikali ya Marekani ilifungwa, Bunge lilishindwa kupitisha hela ya kuiendesha. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila alfajiri nikiwa kwenye treni, na makala yenu ya juzi kuhusu Marekani ndio imenichokoza mpaka nikaamua kuandika. Mwandishi wenu alisema serikali imefunguliwa kwa kuwa Warepublikan na Wademokrat wamekaa chini wakaelewana, na kwamba huu ni mwanzo wa maridhiano baada ya uchaguzi mkali wa rais wa 2024. Nilicheka peke yangu mpaka mama aliyekaa siti ya mbele akageuka kuniangalia.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Chumbageni, na huku napika kwenye kantini ya jengo moja la serikali pale Washington. Sijaajiriwa na serikali, niko chini ya kampuni yenye tenda ya chakula, na hapo ndipo penye mateso, maana serikali ikifungwa mfanyakazi wa serikali anakaa nyumbani au anapiga kazi bila mshahara lakini ipo sheria ya 2019 inayosema mambo yakiisha analipwa zake zote, sisi wa tenda hatumo kwenye hiyo sheria, siku usiyofanya kazi hailipwi, basi. Oktoba mosi tulipata meseji ya mistari miwili, msije mpaka muitwe. Kwahiyo nilikuwa na muda wa kutosha kukaa mbele ya TV kuwaangalia maseneta, nimewaangalia kuliko nilivyowahi kuangalia Simba na Yanga, kura hiyohiyo moja ya kufungua serikali wakaipiga ikashindikana, wakaipiga tena ikashindikana, mara 14 jamani.

Na nilichokiona ni hiki. Ukitaka kujua kama vyama vya huku vitashirikiana, achana na hotuba za usiku wa matokeo, achana na nani kampigia nani simu ya pongezi. Uliza huyu seneta, huyu mbunge, anamuogopa nani.

Turudi kwenye siku ile ya Novemba 9 usiku. Warepublikan wana maseneta 53 kati ya 100, wamekamata Seneti, wamekamata Baraza la Wawakilishi, wamekamata Ikulu, mtu wa kwetu atasema sasa shida iko wapi si wapitishe tu? Shida ni kwamba pale Seneti muswada wa kawaida ili mjadala ufungwe na upigiwe kura unahitaji watu 60. Hiyo filibasta yao, zamani mtu alikuwa anasimama anaongea mpaka miguu inawaka moto, siku hizi anatuma taarifa tu kwamba anapinga na mambo yanasimama. Wengine bado wanasimama, Cory Booker wa New Jersey mwaka huu kaongea saa 25 na dakika 5, ingawa yeye hakuwa anazuia muswada wowote, alikuwa anapeleka ujumbe. Basi 53 sio 60, na Rand Paul wa Kentucky ambaye ni Mrepublikan akakataa kabisa, wakabaki 52, kwahiyo walihitaji watu 8 wa upande wa pili. Na kweli 8 wakapatikana, Wademokrat 7 na Angus King wa Maine ambaye ni mgombea binafsi anayekaa nao. Ikawa 60 kwa 40, na siku ya 12 Trump akasaini.

Sasa mwandishi wenu akawaita hao 8 mashujaa wa maridhiano. Labda. Mimi sina ugomvi nao, Tim Kaine wa Virginia ana wafanyakazi wa serikali kibao kwenye jimbo lake na alidai wale waliofukuzwa kazi kipindi hicho warudishwe, na ikawekwa kwenye makubaliano. Lakini chukueni hayo majina 8 muangalie kila mmoja anarudi lini kwa wapiga kura. Dick Durbin wa Illinois na Jeanne Shaheen wa New Hampshire walishatangaza hawagombei tena. Kaine, King na Jacky Rosen wa Nevada wametoka kuchaguliwa 2024, miaka sita. Maggie Hassan, Catherine Cortez Masto na John Fetterman mpaka 2028. Yaani katika wote 8 hakuna hata mmoja ambaye jina lake litakuwa kwenye karatasi ya kura 2026. Hata mmoja! Mmeona? Wenzao wenye uchaguzi mwakani wamekaa kimya wakapiga kura ya hapana, na sidhani kama wote walikuwa wanataka serikali iendelee kufungwa, watu milioni 42 wanategemea ile kadi ya chakula ya SNAP na ilikuwa imeshaanza kukwama, viwanja vya ndege 40 vimepunguziwa safari. Walitaka ifunguliwe, ila kwa mkono wa mtu mwingine.

Wanachoogopa hapa sio chama pinzani, na hapa ndipo watu wengi nyumbani wanapokosea. Mbunge wa Republican kutoka jimbo lililojaa Warepublikan hatishwi na Mdemokrat hata kidogo, Mdemokrat atampata wapi kura? Anachokiogopa ni kura za mchujo, ndani ya chama chake mwenyewe, atokee mtu mkali zaidi aseme huyu anakula na maadui. Kwa wa Democratic ni vilevile, Joe Crowley alikuwa mtu mkubwa kabisa kwenye uongozi wa chama, 2018 akaangushwa kwenye mchujo New York na Alexandria Ocasio-Cortez aliyekuwa anafanya kazi ya baa mwaka mmoja kabla. Nyie mnaojua kura za maoni za vyama vya huko kwetu, mnajua joto lake, sasa fikiria ndio uchaguzi wenyewe, ule wa Novemba unakuwa kama sherehe tu. Na viti vya namna hiyo vinazidi kuongezeka kwasababu mipaka ya majimbo ya uchaguzi wanaichora wenyewe, Texas mwezi wa nane wamechora upya wakilenga viti 5 zaidi vya Republican, California wakajibu Novemba 4 kwa kura ya wananchi kuchora vyao vya Democratic. Kila mstari mpya unaochorwa unamtoa mtu mmoja aliyekuwa na sababu ya kusikiliza upande wa pili.

Kuna hadithi ya seneta mmoja naipenda sana, Arlen Specter wa Pennsylvania, ameshafariki. Obama alipoingia 2009 uchumi umeanguka, akaleta mpango wa dola bilioni 787 wa kuuinua. Baraza la Wawakilishi hakuna Mrepublikan hata mmoja aliyempa kura. Seneti wakampa watatu tu, Susan Collins, Olympia Snowe na huyu Specter. Wapiga kura wa chama chake wakamuwashia moto, akaona mchujo hatoboi, Aprili mwaka huohuo akahamia Democratic. Haya, amehamia, rais anamuunga mkono, chama kinamuunga mkono, 2010 akaingia kwenye mchujo wa Democratic na akapigwa na Joe Sestak. Upande huu wamemkataa kwa kushirikiana, upande ule wamemkataa kwa kuwa ni wa kuja. Sasa wewe ni seneta kijana umekaa unatazama hayo, utajifunza nini?

Na wakati mnakumbuka hilo kumbukeni jinsi Obama alivyoingia. Alikuwa anahubiri hakuna Marekani nyekundu ya Warepublikan wala ya bluu ya Wademokrat, alimbakisha hata Robert Gates waziri wa ulinzi aliyewekwa na Bush, watu walilia uwanjani kwa furaha, ukimsikiliza unasema kweli hawa watashikana. Halafu sheria yake ya afya ikapita 2010 bila kura hata moja ya Republican. Sasa rudini nyuma miaka minane, 2000, uchaguzi mbaya kuliko wote niliowahi kusoma, Bush na Al Gore, Florida wanahesabu wiki tano, Mahakama Kuu ndio inamaliza, tofauti kura 537. Chuki tupu. Lakini kabla mwaka haujaisha vizuri Bush na Ted Kennedy, mliberali wa waliberali, walikuwa wanaandika pamoja sheria ya elimu, ikapita Baraza la Wawakilishi Mei 2001 kwa kura 384 kwa 45, Seneti Juni 91 kwa 8, na Januari 2002 Bush akaisaini. Najua kuna atakayesema hiyo ni kwasababu ya Septemba 11, hapana, angalia miezi, kura hizo zilipigwa kabla. Bush aliahidi mitihani kwenye kampeni, Kennedy alitaka hela ya shule za maskini, kila mmoja alikuwa na kitu cha kupeleka nyumbani na wapiga kura wa kila mmoja hawakuona dhambi. Kwahiyo uchungu wa uchaguzi sio kipimo, na utamu wake pia sio kipimo.

Zamani ilikuwa rahisi zaidi maana vyama vyenyewe vilikuwa vimechanganyika kama pilau. Wademokrat wa kusini walikuwa wahafidhina kuliko Warepublikan wa New York. Sheria ya haki za raia 1964 isingepita bila Everett Dirksen, kiongozi wa Republican pale Seneti, na waliokuwa wanaizuia kwa filibasta wengi wao walikuwa Wademokrat wa kusini, chama cha rais Johnson mwenyewe. Ilipita 73 kwa 27. Leo kila mtu amehamia kwenye nyumba yake na kufunga mlango.

Na spika je. Kevin McCarthy, Septemba 30, 2023, alitumia kura za Wademokrat kuzuia serikali isifungwe, jambo ambalo sisi wapishi tulimshukuru. Siku tatu baadaye Oktoba 3 watu 8 wa chama chake wakaungana na Wademokrat wote waliokuwepo wakamtoa, 216 kwa 210. Haijawahi kutokea spika kutolewa hivyo. Aliwaokoa na waliomsaidia kuokoa ndio wakapiga kura ya kumzika, sasa hapo nani ana rafiki?

Mhariri nisieleweke vibaya, sisemi hawashirikiani kabisa. Wanashirikiana sana tu kwenye mambo yasiyopigiwa kelele. Daraja, maji, intaneti ya vijijini. Ile sheria ya miundombinu ya Biden ya 2021, dola trilioni 1.2, maseneta 19 wa Republican waliipa kura, kwenye Baraza 13. Ila hata hapo, Fred Upton wa Michigan ambaye alikuwa mmoja wa hao 13 alipigiwa simu na kuachiwa ujumbe wa kutishiwa kuuawa, kwa kura ya barabara! Akaamua 2022 hagombei. Na wale Warepublikan 10 waliopiga kura kumshtaki Trump bungeni Januari 2021, wanne waliacha kugombea, wanne wakaangushwa kwenye mchujo akiwemo Liz Cheney aliyechapwa vibaya Wyoming, wakarudi wawili tu.

Kuna siku hofu inageuka ikaelekea upande mmoja kwa wote, na hapo utashangaa mwendo wake. Wiki iliyofuata baada ya serikali kufunguliwa, Novemba 18, Baraza la Wawakilishi limepiga kura mafaili ya Jeffrey Epstein, yule tajiri aliyeshtakiwa kwa kuwauza wasichana wadogo kingono, yatolewe hadharani, 427 kwa 1. Moja! Hawa ndio watu walioshindwa kwa siku 43 kukubaliana kunifungulia jiko langu. Ilikuwaje? Thomas Massie wa Republican na Ro Khanna wa Democratic walikuwa wanakusanya sahihi 218 ili kulazimisha kura bila ruhusa ya spika, Warepublikan wanne tu ndio walisaini, Ikulu inawabana watoe sahihi zao. Sahihi ya 218 ikatoka kwa mama mmoja wa Arizona, Adelita Grijalva, aliyeshinda uchaguzi mdogo Septemba 23 akakaa wiki saba bila kuapishwa, ameapishwa tu akasaini. Ilipoonekana kura lazima ipigwe na wapiga kura wa pande zote wanataka kuyaona hayo mafaili, rais akageuza kauli, na ghafla kila mtu akawa anaunga mkono toka zamani. Seneti hawakuhesabu hata kura, wamekubali kwa pamoja siku hiyohiyo. Hawakupendana zaidi ndani ya wiki moja, hofu ndio ilihama.

Sasa kwanini nawasumbua nyie mliopo huko na haya? Kwasababu sisi tunakula matunda yake na mara nyingine tunakosa. Mimi nimekuja huku kwa bahati nasibu ya green card, nilijaza fomu internet cafe pale Tanga mjini na rafiki yangu aliyecheka kwamba ni utapeli. Hiyo bahati nasibu imo kwenye sheria ya uhamiaji ya 1990, Kennedy huyohuyo aliipeleka na Bush baba akaisaini, Mdemokrat na Mrepublikan. Leo sheria kubwa kama ile haitoki. James Lankford wa Oklahoma, mhafidhina hasa, alikaa miezi minne na Wademokrat wakaandika muswada wa kudhibiti mpaka wa nchi, Februari 2024, Trump akiwa bado mgombea tu akasema hautaki, karibu chama kizima kikamkimbia Lankford, ukafa 49 kwa 50.

Halafu PEPFAR. Hii kila mtu wa kwetu anaijua hata kama hajui jina, dawa za ARV za bure. Bush alitangaza 2003 dola bilioni 15 kwa miaka mitano na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa kwenye nchi 15 za mwanzo. Wakristo wahafidhina waliitaka, Wademokrat waliitaka, hakuna aliyepoteza kiti kwa kuipigia kura. Ilipohuishwa 2008 ikapewa majina ya Tom Lantos na Henry Hyde, mmoja wa chama hiki mmoja wa kile. Miaka ishirini hivi inakwenda kama maji. Ikafika 2023 makundi yanayopinga utoaji mimba yakasema kura ya kuihuisha itaandikwa kwenye daftari lao la kuwapa wabunge alama, na Chris Smith wa New Jersey ambaye mwenyewe ndiye aliyekuwa mdhamini wa kuihuisha 2018 akawa mbele kuipinga. Ikaongezwa mwaka mmoja tu, kibali chake kikaisha muda Machi 25, 2025, na tayari Januari Ikulu ilikuwa imegandisha misaada. Dawa ni zilezile, wagonjwa ni walewale, kilichobadilika ni daftari. Lakini ona pia, Julai walipokata matumizi ya dola bilioni 9, maseneta wachache wa Republican wakiongozwa na akina Susan Collins walikomaa na dola milioni 400 za PEPFAR zikatolewa kwenye orodha ya kukatwa. Sijui kama hata nyie mliiandika.

Ndio maana sipendi tukiwapima kwa vipimo vyetu vya nusu mkate na serikali ya umoja wa kitaifa. Huku mgombea urais aliyeshindwa hapewi kitu, Kamala Harris alipiga simu ya kukubali matokeo, akahutubia, akarudi nyumbani, hakuna aliyemgawia wizara. Wala aliyeshinda hahitaji kumgawia, ile sheria yake kubwa ya kodi Trump aliipitisha Julai kwa njia ya bajeti ambayo haihitaji watu 60, 51 kwa 50, makamu wake Vance ndio akatia kura ya mwisho. Pale ambapo sheria inawaruhusu kwenda peke yao wanakwenda peke yao, vyama vyote viwili, Biden naye alifanya hivyohivyo 2021. Wanashirikiana tu pale pa 60. Na kipindi cha kufungwa Trump alikuwa anamwambia John Thune, kiongozi wa Republican pale Seneti, aifute hiyo 60 kabisa, Thune akakataa, sio kwa wema nadhani, anajua siku moja watakuwa wachache wao.

Kwahiyo mkiniuliza kuna matumaini gani, nitawaambia Desemba hii ya 2025 kuna kura waliyoahidiwa wale maseneta 8 waliofungua serikali kuhusu ruzuku za bima ya afya, zinaisha mwisho wa mwaka na zinawagusa watu zaidi ya milioni 20, mke wangu ni mmoja wao na barua ya bei mpya ipo juu ya friji, sitaki hata kuisoma tena. Waliahidiwa kura itapigwa, hawakuahidiwa itapita, na kule Baraza la Wawakilishi hata kura hawakuahidiwa. Nitakuwa natazama Warepublikan wenye uchaguzi mgumu mwakani, akina Collins wa Maine, sio viongozi wanaoongea na vyombo vya habari. Mwandishi wenu akiandika tena namuomba kitu kidogo tu, kila jina la seneta aweke pembeni yake mwaka anaorudi kwa wapiga kura, wasomaji watajua wenyewe.

Hela ya kuendesha sehemu kubwa ya serikali waliyokubaliana inafika Januari 30, 2026 tu. Kantini tumeshaambiwa tusichukue mikopo. Mimi nimenunua unga wa sembe kilo 20 kwenye duka la Waethiopia na maharage, nimeweka chini ya kitanda, wife ananicheka.

Msomaji wenu wa siku zote,
Mpishi wa Chumbageni,
Silver Spring, Maryland